Wazimu kama Ufunguo wa Fumbo: Filamu ya Jinai na Buufis ya Dadaab

Imekuwa desturi ya wahakiki kuisifu filamu ya jinai kwa kina cha kisaikolojia kila inapomfichua muuaji kuwa mgonjwa wa akili. Sifa hiyo haistahili. Kinachoitwa kina mara nyingi ni hila ya msuko: taharuki imefika kileleni, mtunzi hana sababu ya kutosha ya mauaji, basi maradhi huitwa yaje kuziba pengo.

Mfano mashuhuri ni Psycho ya Alfred Hitchcock (1960). Norman Bates akishakamatwa, daktari anasimama mbele ya wasikilizaji na kueleza jinsi kijana huyo alivyomezwa na nafsi ya mama aliyemuua. Mgonjwa mwenyewe yuko chumba kingine, na sauti itakayosikika kwake baadaye si yake bali ya mama. Wako wanaodai kuwa Hitchcock anamkejeli daktari. Huenda, lakini kejeli hiyo haikuwazuia warithi wake. Katika Split ya M. Night Shyamalan (2016), mtu mwenye nafsi nyingi hugeuka mnyama hasa, mla wasichana.

Sauti ya daktari yule si ngeni nchini Kenya. Mwaka 1954, J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni The Psychology of Mau Mau. Dai la ardhi likafunikwa na maelezo juu ya akili ya Mkikuyu. Ni mbinu ile ile: nafsi inafunguliwa, historia inaachwa mlangoni.

Wakimbizi wa Kisomali huko Dadaab, katika Garissa, kambi zilikofunguliwa kuanzia 1991, wana neno linaloipinga mbinu hiyo. Buufis, neno lenye asili ya kupuliza au kujaza hewa, ni shauku kali ya kuhamia nchi za mbali. Ni pia wazimu unaompata mtu shauku hiyo inapovunjika. Maradhi haya yana mahali na tarehe. Amri ya Rais wa Marekani ya Januari 2017, iliyosimamisha upokeaji wa wakimbizi, iliwakuta watu waliokwisha kukubaliwa na kufunga mizigo. Baadhi walirudishwa kambini. Filamu ya jinai haina la kufanya na buufis, kwani humo mgonjwa siye mkosaji, na mkosaji hapatikani chumbani mwake.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili mapema. Katika Mashetani (1971), fadhaa ya Kitaru haitengeki na mali iliyopatikana kwao na iliyopotea kwa akina Juma. Hakuna maiti inayohitajika ili ugonjwa wake uwe na maana.

Itajibiwa kuwa filamu ni burudani, haidaiwi utabibu. Naam, lakini mhakiki anadaiwa ukweli. Wengi wa wenye maradhi ya akili hawamdhuru mtu. Wao ndio hudhuriwa. Mwanafunzi wa Garissa aliyefunzwa kuuita usawiri wa Bates kina atarudi nyumbani na jicho hilo, na huko pengine yuko binamu aliyeacha kula na kusema, akingoja jibu la faili lake.