Paa Yule Hakuwa Yatima

Na Mwanakombo Bakari

Jumanne niliona huruma ikiua, na hasira haijanitoka.

Mtoto wa paa aliletwa dukani Ukunda ndani ya gunia, juu ya bodaboda, kutoka upande wa Shimba Hills. Kijana aliyembeba alijaa fahari. “Nimemwokoa, mama. Alikuwa peke yake kichakani, hata hakukimbia.”

Mtoto wa paa hakimbii! Hiyo ndiyo kinga yake. Hulala kimya majanini, naye mama humwacha kwa makusudi, akale mbali ili asimvutie chui mahali alipofichwa mtoto. Hurudi, humnyonyesha, huondoka tena. Jumanne hiyo aliporudi alikuta kichaka kitupu.

Pale dukani watu wakamzunguka. Mmoja akafungua maziwa ya pakiti, akayatia kwenye chupa ya soda, akamwinua kichwa na kummiminia. Yakamtoka puani. Nikapaza sauti, nikaambiwa, “Mama, ana njaa huyu.” Akapokezwa huyu, akapokezwa yule, kila mmoja na simu yake, picha juu ya picha, na moyo wake ukipiga hadi mbavu zinatikisika. Maziwa yakiingia mapafuni humwua. Hofu peke yake yaweza kumwua. Tulipompata afisa wa wanyamapori, paa alikuwa amekwisha kufa.

Hata kwa mjuzi maziwa si jambo rahisi: marehemu Daphne Sheldrick, mlezi wa ndovu yatima, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kuwafaa ndama wachanga wa ndovu, maana mafuta ya maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakiwaua. Na yeye aliishi nao, usiku na mchana. Hapa kwetu Diani, watu wa shirika la Colobus Conservation wamekuwa wakiwahudumia mbega tangu 1997, wale wanaogongwa na magari na wanaonaswa na nyaya za umeme. Hata hao, mtoto akipona, humtafutia njia ya kurudi kwa wenziwe. Hawamfugi.

Kwa hiyo nasema wazi. Ukimkuta mtoto wa paa mzima kichakani, mwache hapo hapo, ondoka. Akiwa amevunjika mguu, ameumwa na mbwa, au mama yake amelala kando yake amekufa, hapo sawa, msaidie: katoni yenye matundu, kitambaa juu, giza, kimya, usimpe chochote, kisha pigia Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Kumweka nyumbani bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, hata ukimwita mwanao.

Ukuta wa duka lile una namba ya M-Pesa kwa rangi nyekundu, na kila mtoto mtaani anaijua kwa moyo. Namba ya KWS, katika umati wote ule, hakuna aliyekuwa nayo. Wenye duka, rangi imebaki. Iandikeni wiki hii.