Mlete Babu na Kipande Chake

Sisi hatuna ugomvi na kitambulisho. Tulitangulize hilo, maana kila tukianza kunung'unika hutokea mtu redioni akasema watu wa Pwani wanataka kupiga kura bila kujulikana ni nani. Asiyejulikana asipige. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 kutuachia maiti na majivu, tume ya Jaji Kriegler iliyouchunguza ilikuta daftari la wapiga kura lina wafu wapatao milioni 1.2. Milioni! Nasi bila shaka tulikuwa na marehemu wetu humo, watu tuliowasomea hitima tukala na pilau yao. Kwa hiyo mwenye kura aje na uso wake na kadi yake, na mashine ikimsoma kidole ni afadhali zaidi.

Tunachonung'unikia ni jinsi hiyo kadi inavyopatikana, na nani huipata kwa majuma machache na nani huisubiri mpaka aote ndevu.

Someni Katiba ya 2010, kifungu cha 83. Mpiga kura ni raia, mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye hajatiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Basi. Kadi haikutajwa. Na mwishoni mwa kifungu hichohicho imeandikwa kwamba taratibu za kuandikisha watu ziwe za kumrahisishia raia, zisiwe za kumnyima. Ni Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliyosema uje na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Wanaotetea mambo yalivyo hutuambia, "Si mna njia mbili?" Mbili zipi? Hebu mtu mzima aombe pasipoti bila kitambulisho aone. Mlango ni mmoja, na ufunguo hauko kwa Tume ya Uchaguzi. Uko kwa msajili wa watu, chini ya wizara ileile inayosimamia machifu. Tume ikiulizwa hujibu kwamba haitoi vitambulisho, na ni kweli. Msajili akiulizwa hujibu kwamba kura si kazi yake, na ni kweli vilevile. Mwananchi amebanwa katikati ya kweli mbili, na kura hana.

Kwingine nchini kijana akitimiza miaka 18 hubeba hati yake ya kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Akichelewa, amechelewa kwa sababu mashine za kuchapisha zimekwama au kadi tupu zimekwisha, na huko anachelewa na wenzake wote. Kwetu Mombasa, Lamu, Kwale na Garissa, na kwa Wanubi wa Kibra pale pale Nairobi, kumekuwa na hatua nyingine. Inaitwa kupigwa msasa.

Mtu ambaye hajawahi kupigwa msasa hajui ni nini, kwa hiyo tumweleze. Huitwa siku maalumu, na siku hiyo ikikupita unangoja nyingine. Mezani wameketi wazee waliochaguliwa, naibu wa chifu, na mtu wa usalama ambaye jina lake hulisikii. Wewe una miaka 18, na pengine mtihani wiki ijayo. Mazungumzo huwa hivi:

"Hili jina lako la tatu si la hapa."

"Ni la babu, bwana afisa."

"Babu alizaliwa wapi?"

"Kuze, hapa Mji wa Kale."

"Kitambulisho chake kiko wapi?"

"Babu alifariki zamani, mimi sijazaliwa."

"Basi lete cha nyanya."

Hapo kwenye nyanya ndipo tunapochoka kabisa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 kitambulisho cha nchi hii kilikuwa cha wanaume. Wanawake hawakuwa wakipewa. Nyanya aliyefariki kabla ya hapo hakuwa nacho, na serikali yenyewe ndiyo iliyoamua asiwe nacho. Leo mjukuu wake anaambiwa akilete. Na kipande cha babu, tukumbushane, ni kile kilichoanzishwa na sheria ya Mwingereza ya 1915, kikavishwa Mwafrika shingoni ndani ya kikopo cha chuma ili asitoroke kazi ya mzungu. Babu zetu walikichukia, na waliobahatika kukivua walikitupa. Sisi tunalia kwamba walikitupa!

Jirani yetu mmoja, mama muuza viazi karai, anayo mafaili yake kwenye mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2017, na wake una jina la duka kubwa ambalo siku hizi halipo. Hataki kuubadilisha, anasema una baraka. Humo mna risiti ya maji ya enzi za manispaa, cheti cha shule ya msingi cha marehemu mumewe, barua ya madrasa, picha ya harusi, na nakala za kitambulisho chake mwenyewe zilizopigwa mhuri na mawakili wawili tofauti. Wanawe wawili wa kwanza walipata vitambulisho. Wa tatu, baba mmoja mama mmoja, aliambiwa uraia wake una mashaka. Mama aliuliza: imekuwaje wakubwa ni Wakenya na mdogo wao si Mkenya, nami nimewazaa kitanda kimoja? Hakujibiwa. Hakupewa hata karatasi ya kusema amekataliwa. Aliambiwa arudi, na akirudi huambiwa arudi.

Huko kurudishwa bila kukataliwa ndiko kunakotumaliza. Ukikataliwa kwa maandishi, una kitu cha kupeleka mahakamani. Ukiambiwa "faili liko Nairobi," utamshtaki nani?

Wapo wanaosema: lakini mpaka ni mpaka, na adui huvuka. Hatukatai. Tumezika watu wetu pia, na shambulio la Mpeketoni la 2014 lilikuwa Lamu, si mbali nasi. Wala hatusemi hakuna mgeni aliyewahi kupata kitambulisho cha Kenya kwa njia za kichochoro. Wapo, na kila mtaa unawajua. Ila jiulizeni walipitaje. Mgeni mwenye fedha hamleti babu, huleta bahasha. Msasa haukumzuia yeye; umemtafutia wateja yule anayeuza saini. Anayekwama ni mtoto wa mvuvi ambaye hana cha kuweka ndani ya bahasha.

Halafu huyo babu anayetafutwa aliishi wapi? Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa himaya ya Mwingereza chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963, ulipounganishwa na Kenya kwa makubaliano ya viongozi wa pande hizo na Mwingereza. Babu hakuhama. Alilala Lamu akiwa mtu wa Sultani, akaamka Lamu akiwa Mkenya. Nchi ndiyo iliyomjia nyumbani kwake, na mjukuu ndiye anayeulizwa alitoka wapi. Wanubi nao, babu zao waliletwa na bunduki za Mwingereza, wakampigania vita vyake, wakakaa Kibra zaidi ya miaka mia. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilitamka kwamba Kenya inawakosea watoto wao kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Wasomali wa Kenya walikaguliwa upya 1989 na kupewa kadi za rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari. Na huko Garissa kuna Wakenya halisi ambao, ukame ulipowafika shingoni, walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula. Alama zao za vidole zikabaki kwenye kompyuta ya wakimbizi. Walipotaka kitambulisho, kompyuta ikasema: wewe si wa hapa. Njaa ya siku zile imewalia mpaka kura.

Mwalimu mstaafu wa barazani kwetu ana hoja moja ambayo sisi tunaiona ni nzito kuliko zote. Siku ya uchaguzi wa 2022, mashine za kutambua wapiga kura ziligoma Kakamega na sehemu za Makueni. Tume ilifanyaje? Iliruhusu daftari la karatasi litumike, watu wakapiga kura, na ilikuwa sawa. "Kumbe," anasema mzee, "mtambo ukishindwa, serikali hutafuta njia nyingine. Karatasi ya maskini ikishindwa, hakuna njia nyingine." Huwa anaongeza habari ya Ghana, ambako 2020 mtu asiye na kadi wala pasipoti aliweza kuandikishwa akidhaminiwa na wapiga kura wawili wanaomfahamu. Baadhi yetu tunaogopa udhamini kama huo, maana twawajua wanasiasa wetu. Wangelipa wadhamini kwa basi zima. Mzabuni wa wadhamini angepatikana siku hiyohiyo. Lakini hata hilo tungeweza kulijadili, kama kungekuwa na mtu wa upande wa pili wa kujadili naye.

Na tazameni majira. Wamakonde wa Kwale walikaa nchini vizazi kadhaa wakikata mkonge na miwa bila uraia. Walitembea kwenda Nairobi 2016, wakatambuliwa kuwa kabila la 43, wakapiga kura 2017. Wapemba wa Kilifi na Kwale, waliokuwa wakijificha baharini kwa sababu mvuvi bila kitambulisho ni windo la kila askari, walitambuliwa 2023. Tuliwafurahia kwa moyo mmoja, tukala nao. Lakini kote uamuzi ulitoka kwa rais. Haikuwa haki iliyofuata mkondo wake. Ilikuwa hisani, na hisani ina mwenyewe, naye hukumbuka alimpa nani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa haya: kwao kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndicho tiketi ya kuandikishwa, na manung'uniko juu ya sheha wa mtaa anayempa huyu na kumzungusha yule ni ya miaka mingi.

Februari 2025 Rais Ruto alikwenda Wajir akatangaza mwisho wa msasa kwa watu wa kaunti za mpakani. Wengine walipiga vigelegele, wengine huko bara wakasema anatafuta kura. Pengine zote mbili ni kweli. Sisi tunasema jambo jingine: lililoondolewa kwa tangazo hurudishwa kwa tangazo. Na afisa aliyezoea kuuliza kitambulisho cha babu kwa miaka ishirini hajasahau swali lake kwa sababu ya hotuba. Atalibadilisha sauti tu. Tunataka liandikwe kwenye sheria ya usajili wa watu kwamba ushahidi unaotakiwa kwa Kamau ndio unaotakiwa kwa Omar.

Fedha nazo zilitia chumvi kwenye kidonda. Machi 2024 kitambulisho cha kwanza kilipewa bei ya shilingi 300, na aliyepoteza alipe 1,000. Mwaka uliofuata cha kwanza kikatangazwa kuwa bure tena. Kwa waziri 300 ni nini? Kwa kijana anayebeba mizigo soko la Kongowea ni siku iliyokwenda, na juu yake weka nauli za kurudishwarudishwa.

Yetu nasi tuyaseme, tusionekane malaika. Kuna vitambulisho kwa maelfu vimelala kwenye ofisi nchi nzima, vimekamilika, wenyewe hawajavifuata. Kuna vijana wetu wenye kadi mfukoni tangu juzi na hawajakanyaga kwa Tume. Mwaka 2021 Tume ililenga wapiga kura wapya milioni sita, na awamu ya kwanza ikavuna kama milioni moja na nusu tu. Viongozi wakasema vijana hawana hamu. Kwa wengine ni kweli, wamechoka kuchagua sura zilezile. Lakini msiwachanganye katika kapu moja asiyetaka na aliyekatazwa. Na wazee wetu wa mitaa waliokaa kwenye ile meza ya msasa ni watu tunaoswali nao safu moja. Baadhi yao barua zao zina bei, na bei yenyewe tunaijua. Tunawalaumu wa Nairobi kwa sauti na wa kwetu kwa minong'ono.

Kwa hiyo mkituuliza kama sharti la kitambulisho ni la haki au la ubaguzi, jibu letu ni kwamba sharti lenyewe halina ubaya. Ubaguzi uko kwenye dirisha la ofisi, katika lile swali ambalo mwingine huulizwa na mwingine haulizwi. Na mradi dirisha liko vile, sharti linabeba dhambi yake.

Aliyekwama asikae kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeguswa haki yake na uamuzi wa ofisi ya serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ombeni hiyo karatasi. Andikeni tarehe mliyokwenda na ofisi iliyowarudisha, na mkinyimwa karatasi andikeni na hilo, mpeleke kwa mashirika ya haki yaliyo hapa hapa mjini. Mfanye mapema: Wakenya watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na daftari litafungwa kabla ya siku hiyo.