Maumivu ya mkojo si ushahidi wa uzinzi

Mke akilalamika kwamba anachomeka anapokwenda haja ndogo, wapo waume ambao huuliza swali moja tu: ulikuwa wapi? Naye mama akisikia malalamiko hayo kutoka kwa bintiye aliyerudi kutoka shule ya bweni, badala ya kumpeleka kwa daktari humketisha na kumhoji kama polisi. Ilhali aghalabu jibu halimo katika tabia ya mgonjwa, bali katika maumbile yake.

Hebu tuanzie juu. Mafigo mawili, kila moja likitoshana na ngumi, yamekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Kwa siku moja huchuja kutoka kwenye damu majimaji yapatayo lita 180, ingawa karibu yote hurudishwa mwilini na kubaki mkojo wa lita moja au mbili. Mkojo huo huteremka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, ambacho kwa mtu mzima hubeba karibu nusu lita. Kufikia hapa, mume na mke ni sawa.

Tofauti kubwa imo katika mrija wa mwisho, ule unaotoa mkojo nje. Kwa mwanamume una urefu wa sentimita 20 hivi, na hupita katikati ya tezi dume kisha ndani ya uume. Mrija huo mmoja hutoa mkojo na pia hupitisha shahawa, ila si kwa wakati mmoja, kwani mlango wa kibofu hujifunga. Kwa mwanamke mrija ni wa sentimita 4 tu, mfupi kuliko kidole cha mwisho. Tena (na hapa hata wazazi wa watoto watano hushangaa) mkojo wa mwanamke haupitii katika uke. Una tundu lake dogo, mbele ya mlango wa uke. Nyuma kidogo ndipo ilipo njia ya haja kubwa.

Viini vinavyoleta ugonjwa huu mara nyingi ni vile viitwavyo E. coli, ambavyo huishi katika utumbo wetu bila kutudhuru. Kutoka huko hadi kibofuni, kwa mwanamke, ni safari fupi mno. Ndiyo maana karibu nusu ya wanawake huugua angalau mara moja maishani, na hata vitoto vya chekechea huugua. Ni kweli kwamba kujamiiana huweza kuvisukuma viini ndani, lakini hilo huwapata hata wanandoa waaminifu. Bibi harusi anaweza kuugua fungate haijaisha!

Je, kisonono? Nacho huchoma vilevile, na hakuna awezaye kutofautisha kwa macho. Mkojo upimwe katika maabara. Kununua vidonge vinne dukani, ukaviacha maumivu yakitulia, ni kuvifunza viini kuzoea dawa.

Mjamzito asingoje hata kidogo. Tumbo la uzazi linapokua hubana mirija, mkojo ukatuama, na viini vikapata nafasi ya kupanda hadi mafigoni. Akishikwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani uchungu unaweza kuja kabla ya wakati.

Kwa wasichana wa shule, wengi hujizuia kutwa nzima kwa kuogopa vyoo vichafu, na hawanywi maji ili wasihitaji kwenda. Mkojo unaokaa sana huvipa viini muda wa kuzaana. Wafunzwe pia kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni za manukato ndani ya uke hazina kazi.

Nanyi akina baba msicheke. Tezi dume hukua umri unaposonga, ikaubana ule mrija. Mzee akaamka mara nne usiku, mkojo ukatoka matone matone, na kibofu kisipoisha mkojo viini humwandama yeye pia. Huyu hakuna amwulizaye alikuwa wapi. Wengi huficha kwa kuona haya, ilhali daktari huanza kwa kupima mkojo, kisha huigusa tezi kwa kidole kilichovaa glavu, shughuli ya dakika moja tu.