Deni Tunaliandikisha, Mtoto Je?

Leo hatuzungumzii singo wala piko. Tunazungumzia swali ambalo bi harusi wengi hawaliulizi mpaka siku 84 za likizo ya uzazi ziko ukingoni: mtoto atashinda kwa nani?

Huku kwetu Mtwara jibu linajulikana. Mama anavuka alfajiri kutoka Msangamkuu kwenda sokoni, au msimu wa korosho umeshika na shamba linamngoja, basi mtoto anaachwa kwa mama wa mtaani. Mama huyo ana uji, ana mkeka, ana huruma. Ana pia watoto wanane wa watu, na akiinuka kwenda jikoni hakuna anayeangalia kisima.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe na kikaguliwe. Lakini afisa ustawi wa jamii tunamwona kwenye majengo yenye bango na picha za katuni ukutani. Uani kwa mama wa uji hatumwoni, na siku akija tunaogopa atakuja na kufuli. Kufunga mlango si kukagua! Ukimfungia mama huyo leo, kesho wale wanane wanabaki nyumbani na dada wa miaka tisa, aliyetolewa shule.

Wapo kati yetu wanaosema kumkagua jirani ni kumvunjia heshima, ati ni mtu wa swala tano. Haya. Surat al-Baqara, aya ya 282, inatuagiza deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo, hata baina ya wacha Mungu. Vikoba vyetu vina daftari, faini na mweka hazina. Elfu ishirini ina karatasi, mtoto hana?

Wala si jambo geni. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa mwaka 1986 na kufika Zanzibar 1990 uliwachukua wanawake wa Kiislamu wa mitaa ileile, ukawafundisha kazi. Hakuna aliyeona ametukanwa.

Tunachokitaka kwa halmashauri ni hiki: waandikisheni walezi wa uani bila ada, wafundisheni huduma ya kwanza, wapeni muda wa kufunika kisima na kujenga choo, ndipo mkague. Fedha? Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kuwakopesha wanawake, mbona mlezi hatajwi? Kila siku ni cherehani na kuku.

Na wewe bi harusi, kabla hujachagua rangi ya ukumbi, nenda kamwone huyo mlezi. Chungulia choo. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Kisha tukutane kwenye mkutano wa mtaa, tumuulize mtendaji mbele ya watu: daftari la walezi wa mtaa huu liko wapi?