Tuachieni Vigae Tuvishike

MIZIZI YETU, na Mwanaisha Khamis Omari

Kigae cha chungu kikifungiwa kwenye kabati la kioo, watu hukitupia jicho na kupita. Mpe mtu kigae hichohicho mkononi, uone kama atakirudisha upesi.

Nililishuhudia hilo juzi kwenye siku ya wananchi ya makumbusho moja hapa pwani. Vigae vilipangwa juu ya kitambaa mezani, na kila mgeni aliruhusiwa kuvishika. Mama mmoja mpishi alichukua kipande cha ukingo, akapitisha kidole gumba taratibu, akakigeuza. Nje palikuwa na masizi. "Hiki kilikaa motoni sana," alisema. Kisha akaufuata mpindo wa ule ukingo kwa mkono, akaendelea kuchora duara hewani hadi likafunga. "Chungu cha watu wengi hiki. Cha shughuli." Mtumishi wa makumbusho alifurahi mno, kwa kuwa wanaakiolojia nao huupima mpindo huohuo ili kujua upana wa chungu kizima. Yule mama hakufundishwa na mtu. Vidole vyake vinavijua vyungu.

Pembeni palikuwa na kipande cha kaure ya China, kijani kilichofifia, laini na baridi. Pale Gedi, mji wa kale wa Waswahili ambao sasa ni magofu katika pwani ya Kenya, bakuli za kaure zilipamba hata mihrabu ya msikiti mkuu. Ukishika kaure mkono huu na kigae chenye masizi mkono wa pili, unauelewa mji ule kuliko ubao wowote wa maelezo: biashara ya ng'ambo na moto wa jikoni, nyumba moja.

Najua hofu ya wahifadhi, na sehemu yake ni ya haki. Sarafu za shaba za Kilwa zibaki kabatini, maana jasho la vidole hula shaba. Shanga ni ndogo, hupotea. Lakini udongo uliochomwa umestahimili mvua na mizizi kwa karne nyingi. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Gedi kuanzia 1948 hadi 1958, na vigae ndivyo vinavyojaa kila shimo la wachimbaji katika mwambao huu. Vilivyokwisha kuchorwa, kupimwa na kuandikwa vinafanya nini gizani kwenye maboksi?

Tena mezani ndipo mahali pa kumweleza mtu kwa nini asiokote kigae magofuni: kikiondolewa bila kuandikwa kililala tabaka gani, nusu ya habari zake zimepotea. Aliyekishika huelewa. Gedi iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na walinzi wake wa kila siku ni majirani.

Siku ya Makumbusho Duniani huwa tarehe 18 Mei. Naomba kila makumbusho ya pwani itoe meza moja, vigae hamsini, na mtumishi anayependa kuulizwa maswali. Na watoto wa vijiji vinavyopakana na magofu wawe mbele ya foleni, kabla ya wageni rasmi.