Daftari la Bunge na Dhahabu Yetu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wameizoea methali hii dukani, lakini yafaa zaidi Bungeni, hasa kwa wafanyakazi wa Shinyanga, Kahama na Geita, ambao jasho lao ndilo liitoalo dhahabu ardhini.

Yasemwayo katika vikao vya Bunge letu huandikwa katika Taarifa Rasmi iitwayo Hansard, kwa jina la mpiga chapa mmoja wa London wa karne ya 19. Kazi ya taarifa hiyo si kumpamba msemaji, bali kumfunga kwa ulimi wake mwenyewe.

Na tuutazame mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama. Mkataba wake ulitiwa sahihi London mwezi Februari 2007. Agosti mwaka huohuo Ndugu Zitto Kabwe, Mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliomba iundwe Kamati Teule iuchunguze. Bunge lilikataa, na yeye akasimamishwa kwa madai ya kusema uongo. Hata hivyo, Novemba Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na mbunge yuleyule akawa mjumbe wake. Mwaka 2010 ikapatikana Sheria mpya ya Madini.

Hatutaki leo kuamua nani alishinda. Twasema tu kwamba aliyeuliza ameandikwa, na aliyejibu ameandikwa. Hakuna awezaye kuyakana maneno yake. Lakini masharti ya mkataba yalibaki siri, na daftari haliwezi kuandika kisichowekwa mezani.

Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria itakayo mikataba ya maliasili ifikishwe mbele yake. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, sheria yenyewe ilipitishwa kwa hati ya dharura, na mambo ya haraka huacha maandishi machache ya hoja na majibu.

Tena, Januari 2016 Serikali ilipotangaza kuwa TBC haitarusha moja kwa moja mijadala yote ya Bunge, thamani ya maandishi haikupungua, bali ilizidi.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, hatuna budi kuisoma taarifa hiyo katika matawi yetu na kuwasomea wasiojua kusoma. Mbunge ajapo kuomba kura, asiulizwe ataahidi nini. Aulizwe kwa adabu: siku dhahabu yetu ilipojadiliwa, ulisema nini, na ukurasa gani?