Mnara Watauona Wenyewe

Wapo watu ambao ukiwasimamisha mbele ya jengo la kale, macho yao hupanda moja kwa moja hadi mnarani na kukwama huko. Nilisimama nao siku moja uwanjani Culross, kijiji cha Fife kilicho ukingoni mwa mlango wa bahari wa Forth, huko Uskoti. Wakapiga picha, wakataja tamthilia ya Outlander ambayo sehemu zake zilipigwa hapo, wakasema, "Jengo zuri kweli!" Kisha wakaenda kunywa chai.

Mimi nilibaki, na tangu siku ile sina amani na hilo neno "zuri".

Si kwamba jengo ni baya. La hasha! Ukumbi huo wa mji ulijengwa mwaka 1626, na mnara wa saa ukaongezwa mwaka 1783. Nyumba jirani zimepakwa rangi nyeupe na kuezekwa vigae vyekundu. Ukumbi umebaki jiwe tupu, na paa lake ni la vibamba vya mawe ya kijivu, kama karani aliyevaa suti katikati ya wavuvi. Ngazi ya mawe yapanda kwa nje, kutoka pande mbili, hadi mlango wa ghorofa ya kwanza. Nakiri kwamba fundi aliijua kazi yake.

Lakini kazi ipi? Chini palikuwa gereza. Juu yake, waliko­pandia waheshimiwa kwa ile ngazi, palikuwa chumba cha baraza. Na darini, chini ya paa, ndiko walikofungiwa walioshitakiwa kwa uchawi. Hebu, ndugu msomaji, jaribu kukaa katika kiti cha diwani. Chini ya nyayo zako wamo wafungwa. Juu ya kichwa chako yumo mwanamke anayengoja hukumu. Sheria ya uchawi ya Uskoti ilidumu tangu 1563 hadi 1736. Walioshitakiwa wakadiriwa kufika 3,800, na walio wengi mno walikuwa wanawake. Mtuhumiwa aliweza kukeshezwa usiku baada ya usiku, asiachwe kusinzia, mpaka akiri. Aliyehukumiwa kufa kwa kawaida alinyongwa kwanza, ndipo maiti yake ikachomwa moto. Nani atakayenishawishi kwamba pale barazani hawakusikia kitu?

Najua nitakavyojibiwa: ati hayo ni makosa ya watu, si ya mawe. Nakataa. Mpangilio wa vyumba ndio usanifu wenyewe. Nani awe juu, nani awe chini, nani apite wapi. Mnara ulikuja miaka 157 baadaye. Kuusifu huo na kuiacha dari ni kusifu kilemba bila kumtazama aliyekivaa.

Silalamiki kwamba jengo limetunzwa. Tangu 1975, Culross ilipopoteza hadhi yake ya mji wenye baraza, limo mikononi mwa National Trust for Scotland, na afadhali lisimame kuliko kubomolewa. Wala jambo lenyewe si siri tena: tarehe 8 Machi 2022 Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, aliomba radhi rasmi bungeni kwa ajili ya walioshitakiwa chini ya sheria ile. Serikali imetamka, sisi wenye kamera twaona haya gani?

Nikipeleka wageni tena, nitaanza na dari. Mnara watauona wenyewe; una saa.